Barua Iliyosubiri Siku Nne

Mwezi wa pili, siku ya 27

Naandika haya nyuma ya karatasi za mayai za mwaka jana. Nondo walitaga juu yake, viwavi wakatoka, na karatasi zimebaki na madoa ambayo hakuna towashi katika kasri hili anayetaka kuyashika. Ni mahali pazuri pa kuweka upuuzi wa mwanamke wa miaka arobaini na saba.

Mimi ni Qiu, mjane, Msimamizi wa Hariri katika ua wa wanawake. Cheo ni kirefu kuliko mwenye cheo. Napima vitambaa, napokea mizigo inayotoka kwetu Huzhou, na kila majira ya kuchipua nasimamia Nyumba ya Viwavi, ambamo Malkia hufanya ibada ya kuchuma majani ya mforosadi. Kuwalea viwavi wenyewe ni kazi ya Mama Tong na wanawake wake kumi na wawili, ambao huletwa kutoka Huzhou kila mwaka. Kazi yangu mimi ni kusimama katikati ya chumba nikiwazuia njia.

Leo nimekula tambi na Pang. Pang ni towashi mkuu wa nyumba hii na ni mwenzi wangu wa mlo. Ndivyo tunavyoishi humu ndani: mwanamke asiye na mume na mwanamume aliyepunguzwa wanaweka mabakuli yao meza moja na wanazeeka pamoja. Miaka tisa sasa. Ananiita dada. Hula kwa kelele, hukoroma akiwa macho, na hakuna mtu ninayemwamini zaidi yake chini ya mapaa haya ya njano.

Siku ya 29

Baridi. Makaa mabichi. Nimekohoa kama mbuzi.

Mwezi wa tatu, siku ya 1

Mayai yameanza kuanguliwa. Mama Tong amefunga mlango na kubandika karatasi nyekundu juu yake. Kuanzia leo hadi vifukofuko vikamilike, hakuna kuingia na marashi, wala vitunguu saumu, wala kelele, wala msiba.

"Aliyefiwa abaki nje," alituambia akiwa amejishika kiuno. "Hata awe nani. Viwavi wananusa kifo kabla ya mbwa. Na wewe Bibi Cheo, umekula saumu?"

"Kidogo tu, Mama Tong. Jana."

"Nenda katafune majani ya chai. Unanuka kama harusi ya wachinjaji."

Nilikwenda nikatafuna.

Siku ya 3

Malkia Rao alikuja kufanya mazoezi ya ibada. Ana miaka ishirini na sita, binti wa mwalimu wa kijiji kilicho nusu siku kutoka kwetu. Nilimpokea langoni alipoletwa humu akiwa msichana wa miaka kumi na sita anayetetemeka, nikamfundisha kutembea, kuinama, na kulia bila kuharibu poda. Mbele za watu namwita Mama Mtukufu. Tukibaki wawili ananiita Shangazi, nami namwita mwanangu.

Aibu yetu kubwa ni kwamba Malkia, mlezi wa hariri ya nchi nzima, anaogopa viwavi.

"Shangazi, huyu ananitazama."

"Mwanangu, ana umri wa siku mbili, ni mdogo kama sisimizi. Atatazama nini?"

"Ananitazama mimi."

"Basi mtazame na wewe. Mwenye taji ni nani kati yenu?"

Akacheka, akafumba macho, akanyunyiza majani nusu kwenye ungo na nusu kichwani mwa Mama Tong. Siku ya tisa, siku ya ibada yenyewe, mambo hayo hayatakubalika. Mfalme atakuwepo, na mawaziri, na Suria Kuang atakuwa amesimama hatua moja nyuma ya Malkia. Suria Kuang ana mtoto wa kiume. Malkia hana. Humu ndani hata paka wanalijua hilo.

Siku ya 4

Upepo wa vumbi la njano siku nzima. Mkate wangu ulikuwa nusu unga na nusu jangwa.

Siku ya 5

Nimekaa na kalamu mpaka wino umekauka mara mbili.

Mzigo wa mwisho kutoka Huzhou umefika: nyungo mpya za mianzi, makaa makavu, na ndani ya mkebe wa chai, barua. Kila kinachoingia na mzigo wa hariri hupitia kwangu. Nakifungua, nakiandika daftarini, nakipeleka kwa mwenyewe. Barua hii ilitoka kwa kaka yake Malkia. Niliisoma nikiwa nimesimama. Baba yao, Mwalimu Rao, alifariki siku ya ishirini na moja ya mwezi uliopita.

Niliketi juu ya makaa, na sketi yangu sasa haifai hata kuwa tambara.

Sheria yetu inajulikana. Binti akisikia baba yake amekufa, anavua hariri saa ile ile na kuvaa nguo nyeupe za katani, awe Malkia, awe mchota maji. Na kuficha msiba wa mzazi ni kosa ambalo hata mahakimu hulitaja kwa sauti ya chini. Aliyefiwa hakanyagi madhabahu. Nilisimama nikaanza kwenda kwake. Pang akanikuta mlangoni, akaniona uso, akaichukua barua mkononi mwangu na kuisoma.

"Umeshamwambia?"

"Ndiyo nakwenda."

"Subiri kwanza, dada. Kaa. Ukimwambia leo, siku ya tisa ngoe ya dhahabu ya kuvutia matawi atashika nani?"

Nilijua jibu. "Suria Kuang."

"Suria Kuang. Na mwanawe pembeni, kavaa kofia ya simbamarara, mashavu kama mandimu. Mfalme anatazama. Mawaziri wanatazama. Mwanamke akisimama mahali pa Malkia mbele ya madhabahu, kesho yake unadhani watu watamwona nani?"

"Lakini Pang, ni baba yake."

"Mzee ameshakufa, hataendelea kufa. Siku nne tu. Mwache mtoto amalize ibada yake. Halafu tutamwambia taratibu, wewe umshike mkono huu, mimi huu."

"Ni kosa."

"Kosa la nani? Asiyejua hana kosa. Wewe utaambiwa umechelewa kuandika daftari, utachapwa fimbo kumi, na hapo Mbingu zilikuwekea akiba ya kutosha." Akanitazama makalio, nikamtukana, tukacheka. Ndiyo, tulicheka.

Sikuiandika barua daftarini. Nikampa aifiche, maana mimi nikificha kitu hata kipofu hukiona.

Siku ya 6

Usingizi wa kwanza wa viwavi. Wameinua vichwa na kutulia, wanajivua ngozi. Mama Tong haruhusu mtu kupiga chafya.

Malkia aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia ni jino.

Siku ya 7

Jino.

Siku ya 8

Amenitumia karafuu kwa ajili ya jino langu. Amezifunga mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nimekwenda hadi kwenye ngazi zake mara tatu. Mara ya tatu walinzi wakaniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku ya 9

Ibada. Mvua ya manyunyu ilikatika alfajiri, anga likawa wazi. Malkia alitembea chini ya miforosadi amevaa hariri ya rangi ya jani changa, akashika matawi matatu kwa ngoe, akachuma, akaweka kikapuni. Akaingia Nyumba ya Viwavi, akanyunyiza majani juu ya ungo wa kwanza, taratibu, kama anayetia chumvi. Kiwavi mmoja akapanda kidoleni mwake. Mama Tong aliacha kupumua. Malkia alimtazama yule kiwavi macho wazi, kisha akamrudisha kwenye jani kama mama anayelaza mtoto.

Mfalme alitabasamu. Nililia, na Pang akanipa leso yake.

Siku ya 10

Nimemwomba Pang barua nimpelekee. Akasema, "Leo bado ana furaha, dada. Kesho."

Siku ya 11

Usingizi wa pili. "Kesho."

Siku ya 12

"Barua nimeiweka mahali, funguo anazo mtu. Kesho."

Siku ya 13

Nimemwambia sihitaji barua, nitamwambia kwa mdomo. Akanishika mkono. "Kwa mdomo tu? Atataka kuona mwandiko wa kaka yake. Utampa nini, pumzi yako? Na siku nane hizi utamwambia ulikuwa wapi?" Nikarudi chumbani. Kila siku ninayoongeza, ya kesho yake inakuwa ngumu zaidi kuieleza. Huko Huzhou tuna matope ya namna hiyo, ukisimama tu yanakupanda.

Siku ya 14

Mvua. Majani yanakaushwa moja moja kwa vitambaa. Tumekausha tangu asubuhi hadi jioni, na kila jani nililoshika niliahidi.

Siku ya 17

Nilikwenda kwa Malkia na vibunda vya uzi alivyovitaka. Alikuwa anadarizi viatu vya mtu mzima, vya kiume, vyenye soli nene. Nikauliza vya nani.

"Vya baba. Miguu yake inapata baridi akifundisha."

Nilifungua mdomo. Nashuhudia hapa mbele ya karatasi hii kwamba niliufungua. Na hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mkuu wa Ibada na matowashi sita, Pang akiwa wa mwisho, ananitazama kama ukuta. Hawakupekua sana. Towashi mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu cha ushonaji, akainua vitambaa, akatoa barua.

Mkuu wa Ibada ni mzee mkavu, hana uovu wala huruma. Akaisoma kimya, kisha akasema, "Mama Mtukufu amefiwa na baba yake tangu siku ya ishirini na moja ya mwezi wa pili. Barua imefunguliwa. Na bado siku ya tisa alikanyaga madhabahu."

Malkia alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya kigeni. "Baba? Baba yangu ni mzima. Aliniandikia mwaka mpya." Akageuka kwangu, na bado anatabasamu, yaani alidhani ni kosa dogo la watu wakubwa. "Shangazi, mizigo ya Huzhou inapita kwako. Waambie. Hakuna barua iliyokuja."

Wote walinigeukia.

Nikasema, "Hakuna barua iliyoandikwa daftarini."

Lilikuwa neno la kweli kabisa. Na nikaona usoni mwa Mkuu wa Ibada jinsi lilivyoangukia: kama haikupitia kwa Msimamizi wa Hariri, basi Malkia ana njia yake ya siri ya kupokea barua, na hii aliipokea, akaisoma, akaificha ili asipoteze nafasi yake. Nilitaka kuongeza neno. Tayari walikuwa wanamvua hariri, na yeye alikuwa ameanza kuelewa kwamba baba yake amekufa kweli. Sauti aliyotoa sitaiandika.

Siku ya 18

Amefungiwa Jumba la Magharibi.

Siku ya 19

Nimeitwa kwenye ofisi ya Ibada na daftari langu. Wakatafuta ukurasa wa siku ya tano: nyungo arobaini, makaa vikapu sita, mkebe wa chai mmoja. Wakaniuliza kama ni mwandiko wangu. Ni wangu. Nikapiga muhuri.

Siku ya 20

Pang alikuja mchana amevaa joho jipya la zambarau. Amepandishwa cheo, sasa yuko kwa Suria Kuang. Nilimrushia bakuli. Likampita, likavunjika ukutani. Hata kulenga sijui.

"Uliiweka wewe," nilisema.

"Niliiweka mimi."

"Miaka tisa, Pang!"

"Kwa sababu ya miaka tisa, dada." Akachuchumaa akaanza kuokota vigae, kimoja kimoja, akivipanga kiganjani. "Suria alijua habari ya mzee kabla ya mzigo wako kufika. Ana watu wake huko. Barua ilikuwa lazima ionekane kwa mtu fulani. Ingeonekana kwako, ungekuwa umeshazikwa. Nilichagua isiwe kwako. Unadhani nilipewa nafasi ya kuchagua mambo mangapi?"

"Nitasema ukweli. Nitasema ilikuja kwangu, nikaifungua, nikakupa wewe."

"Sema. Nitakufa mimi, utakufa wewe, na Mama Tong na wanawake wake kumi na wawili watakufa, maana barua iliingia na mzigo wao. Malkia atapona, ndiyo. Huenda. Kichwa kimoja kwa kumi na tano." Akaviweka vigae mezani. "Hesabu mwenyewe. Wewe ndiye mpimaji."

Alipoondoka niliona amejikata kidole. Ameacha damu kwenye meza, nami nikaipangusa kwa upole, kwa mazoea. Huyo ndiye mimi.

Siku ya 21

Sikula.

Siku ya 23

Viwavi wameamka kutoka usingizi mkuu, wa nne. Sasa wanakula mchana kutwa, na mlio wao ni kama mvua inayoanguka juu ya paa. Mama Tong anasema hajaona viwavi wenye afya hivi tangu awe msichana. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Kama Mbingu zilichukizwa na ile ibada, hazikuwaambia viwavi. Lakini kule Barazani, nasikia, wanatafuta dalili kwingineko: mvua ya mawe mahali fulani, ndama mwenye vichwa viwili.

Tulikuwa tunabadilisha nyungo, mimi na yeye tu, akasema bila kunitazama, "Ule mkebe wa chai niliupakia mimi kwa mkono wangu, kabla hatujautangulia mzigo kuja huku."

Nikaendelea kushika ungo.

"Barua ilikuwa ndani yake. Kaka yake Malkia alinipa mwenyewe, analia, hakusema kwa nini. Kwa hiyo ilikufikia."

"Mama Tong, nikisema, watawachukua na ninyi. Wote kumi na watatu."

Akaweka ungo wake chini. Ni mwanamke mfupi, ananifika begani, lakini nilirudi nyuma hatua mbili. "Nina miaka sitini na tisa na mgongo uliopinda. Hawa wanawake wangu nitawasemea mwenyewe kwa kinywa changu kwamba hawajui kusoma hata jina lao. Wewe usinifanye mimi mwavuli wako. Ukiogopa, Bibi Cheo, ogopa kwa jina lako."

"Naogopa," nilisema.

"Haya. Sasa angalau umesema la kweli mwezi huu. Sogeza mguu, unakanyaga majani."

Siku ya 25

Niliandika maelezo yote, kurasa mbili, mwandiko mzuri. Nikayachoma kwenye seredani ya makaa inayowapasha viwavi joto. Mama Tong aliona moshi wa karatasi, akaniita jina ambalo sijalisikia tangu sokoni Huzhou.

Siku ya 27

Niliandika tena. Nikachoma tena.

Mwezi wa nne, siku ya 1

Viwavi wamekuwa angavu kama zabibu, wameacha kula. Tumewapandisha kwenye mafungu ya majani makavu, wameanza kusokota. Nyumba imekuwa kimya. Sikujua jinsi ule mlio wa kula ulivyokuwa unanisaidia.

Siku ya 7

Leo nitaandika yote, hata yanayoniaibisha, ambayo ni yote.

Desturi inasema kikapu cha kwanza cha vifukofuko hupelekwa kwa Malkia na Msimamizi wa Hariri, na kwa kuwa hukumu haijatoka, Malkia bado ni Rao. Hakuna aliyethubutu kuivunja desturi. Mkuu wa Ibada mwenyewe alitia muhuri kibali. Walinzi wa Jumba la Magharibi wakafunua kikapu, wakaona vifukofuko vyeupe vimejaa, wakaniacha nipite, wao wakabaki nje ya mlango.

Amekonda. Amevaa katani nyeupe. Chumbani hamna kitu ila kitanda, meza na dirisha lililobandikwa karatasi. Nilipiga magoti, nikasogeza kikapu, nikasema maneno ya desturi, kwamba viwavi wamemshukuru Mama Mtukufu kwa majani. Akachukua kifukofuko kimoja akakitikisa sikioni kusikia kama mdudu yumo.

"Vizito," alisema.

"Vizito, mwanangu. Havijawahi kuwa vizito hivi."

Kisha nikamwambia. Nikiwa nimeinamisha uso sakafuni, nilimwambia mkebe wa chai, Pang, siku nne, kesho, kesho, daftari. Sikumaliza haraka, kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi nikilia napiga kwikwi, jambo linaloondoa heshima yote ya toba. Nilipomaliza nilibaki nimeinama. Nilingoja anipige.

"Uliisoma?" aliuliza.

"Niliisoma."

"Mimi hawakunipa nisome. Walinionyesha kwa mbali tu. Inasema nini?"

Nikanyanyuka nikamsomea. Niliikumbuka yote, neno kwa neno. Kwa siku thelathini na mbili sikuwa nimefanya kazi nyingine kichwani. Kwamba baba alipanda kuziba paa la shule mvua inanyesha, akashikwa na baridi kifuani. Kwamba aliugua siku tatu tu. Kwamba alikuwa amesikia kwamba mwezi wa tatu binti yake atasimama mbele ya madhabahu ya viwavi, na jambo hilo lilimchekesha mpaka akakohoa, kwa sababu binti huyo alipokuwa mtoto, kila akimwona kiwavi alikimbilia juu ya meza. Alisema, mwambieni asifumbe macho. Kwamba hakuteseka. Kwamba wamemzika upande wa mashariki wa kisima.

Alikirudisha kifukofuko kikapuni.

"Nilifumba, Shangazi?"

"Hukufumba, mwanangu. Nilikuwepo. Ulimtazama macho wazi."

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta uso kwa mkono wa katani, ambao unakwaruza. Kisha akanitazama, na sikumwona tena yule msichana wa langoni. "Sasa nenda ukawaambie. Leo. Usipitie kwako, usibadilishe nguo, usinywe maji. Toka hapa nenda moja kwa moja. Sitaki kufa, Shangazi. Watu wanadhani nitasema sijali. Ninajali sana."

"Nakwenda."

"Apa."

Nikaapa kwa kaburi la mume wangu.

Nikatoka. Sikupitia kwangu, sikunywa maji. Kutoka Jumba la Magharibi hadi ofisi ya Ibada ni nyua nne. Nilizihesabu. Nilitembea vizuri hadi ua wa tatu. Katika ua wa tatu palikuwa na watumishi wanaosugua mawe, na jua, na mmoja alikuwa anaimba, na nikasikia harufu ya maandazi ya mvuke kutoka jikoni. Nikatamani andazi. Nasema kweli. Nilitamani kuishi niendelee kula maandazi.

Mkuu wa Ibada alikuwa mezani. Akainua macho. "Msimamizi Qiu. Una neno?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa pale mdomoni, zima, limeshajipanga. Chumba kilikuwa na makarani wawili na birika linalochemka.

"Vifukofuko vya mwaka huu ni vizito, Mheshimiwa," nilisema. "Nimevikabidhi."

"Vyema," akasema, akaandika.

Nikainama. Nikatoka. Nimekaa hapa tangu hapo.

Siku ya 8

Nilirudi asubuhi. Nilikuwa nimeshika mimba ya ujasiri, sijui niuite nini. Ofisi imefungwa, wote wamekwenda kusikiliza amri ya Mfalme. Nilisimama nje hadi mchana. Karani mmoja akaja akaniambia kwa furaha ya mtu mwenye habari: Rao amevuliwa umalkia kwa kumdanganya baba yake aliyekufa na mababu wa Mfalme. Mfalme amemhurumia, hatauawa hadharani, atafia chumbani kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia nina ushahidi. Akanicheka. "Bibi, amri ikishasomwa mbele ya mababu, ushahidi wa nini? Mababu waombwe radhi?"

Siku ya 9

Mvua.

Siku ya 11

Mvua.

Siku ya 12

Ombi lilifika ghalani asubuhi likiwa na mihuri miwili. Hariri nyeupe, kipande kimoja, kwa Jumba la Magharibi. Mahali pa kuandika matumizi pameachwa wazi. Funguo za ghala ninazo mimi, na kupima ni kazi yangu. Hakuna mtu mwingine katika ua huu mwenye ruhusa ya kukata hariri nyeupe.

Nilitoa jora la kwanza, nikalikataa kwa sababu lina fundo ukingoni. La pili lilikuwa gumu. Nilijikuta nalipitisha shavuni kama muuzaji, natafuta lililo laini. Nikalipata, la Huzhou, la miaka mitatu iliyopita. Nikalipima. Nikalipima tena, maana mimi hupima kila kitu mara mbili. Nikakata. Nikakunja mara nne, nikalifunga kwa utepe, nikapiga muhuri.

Towashi mzee aliyelipeleka alirudi mchana kuniletea stakabadhi. Hakutaka kuketi. Nikamwuliza kama Malkia alisema neno.

"Aliuliza nani aliyepima. Nikamwambia ni Msimamizi Qiu."

"Akasemaje?"

"Akasema, basi hakuna haja ya kukipima tena."

Mwanangu alikuwa akinitania sana kwa kupima kwangu mara mbili, zamani. Nimejaribu mchana kutwa kuyasema maneno hayo kwa sauti yake, kwa utani, kisha bila utani. Yote mawili yanakaa sawa.

Siku ya 15

Nyuzi zimevutwa. Ni ndefu, hazikatiki. Malkia Kuang atachovya mikono yake majini mara tatu mbele ya mababu, kama desturi inavyotaka. Pang amenitumia bakuli jipya, la samawati. Limekaa pale.

Siku ya 18

Mama Tong na wanawake wake wameondoka leo kurudi Huzhou. Tangu siku ya saba hajanisemesha, hula na wanawake wake na kuniachia benchi lote. Nilikwenda langoni hata hivyo. Walikuwa wameshapanda mkokoteni, wamebana miguu katikati ya nyungo tupu. Aliponiona akamwambia mwenye nyumbu asubiri.

"Nitapita kijijini kwao," alisema. "Kaka yake atataka kujua. Atalia, halafu ataniuliza kitu kimoja, namjua. Ataniuliza kama barua yake ilifika."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Mwenye nyumbu akavuta kofia yake.

"Nimwambieje?"

"Mwambie ilifika," nilisema.

Alinitazama bila kupepesa. "Ilifika lini? Ataniuliza na hilo."

"Mapema, Mama Tong. Mwambie ilifika mapema."